Karatasi ya Themanini na Moja

Bwana Koti aliingia kibandani amebeba ndoo. Ndani ya ndoo hamkuwa na maji wala nguo za kufua. Mlikuwa na kitabu alichokiandika kwa mkono wake miaka kumi na mmoja, kimelowa chapachapa, kimevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Paa la chumba changu limenisaliti. Naambiwa wewe unafufua."

"Marahaba. Kufufua ni kwa Mungu, mimi nakausha tu," alijibu Bibi Gundi. "Weka hapo chini. Usimguse. Mgonjwa huyu hataki kushikwashikwa."

Bibi Gundi alikuwa fundi wa kushona vitabu na kuvitia majalada. Shule alifika darasa la nne, akatolewa akalee wadogo zake, kwa hiyo alisoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Jina lake alipewa na watu wa mtaa kwa sababu ya gundi ya unga wa ngano aliyoipika kila asubuhi kwenye sufuria ileile, mpaka kanga zake zikanukia uji. Kibanda kilikuwa na meza moja, mbao mbili za kubania zenye skrubu, sindano na uzi wa kitani. Chumba cha nyuma alilala yeye na binti yake, karani wa mahakama, msichana wa maneno machache na mwandiko mzuri.

Na Bwana Koti? Alikuwa mtu wa vitabu aliyeachishwa kazi chuoni baada ya wanafunzi kulikimbia darasa lake. Jua liwake, lisiwake, koti halimtoki. Vijiweni walimcheka: wakimwona anakuja, mmoja hujifanya anatetemeka kwa baridi. Lakini kwa Bibi Gundi hakuwahi kuingia bila shikamoo, wala kuondoka bila kusema ahsante, na mjane aliyezoea kuitwa "wewe bibi" na wateja hawezi kulisahau jambo hilo. Alimpenda, basi. Tusifiche.

Kazi ilichukua miezi mitatu. Kila karatasi aliinyanyua kwa kisu butu cha mfupa, akailaza juu ya kitambaa, akaifunika kwa kitambaa kingine, akaipigapiga kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto alale. Zilizoandikwa zilikuwa na maneno upande mmoja tu. Zilizolegea sana alizigandisha juu ya karatasi mpya ili zipate nguvu. Ilikuwepo moja, katikati kabisa, laini kama utando wa maziwa. Hiyo aliigandisha huku amebana pumzi, na ilipokauka akaona nyeupe tupu. Akasikitika. Akasema moyoni, wino wa hii umekwenda na maji, akaishona mahali pake hivyohivyo. Bwana Koti hakuuliza.

Alikuwa anakuja kila siku alasiri, anaketi kwenye kigoda, anamsomea. Tena alimletea na vitabu vyake vingine vivishwe majalada mapya, vikongwe, vya watu waliokufa zamani. Kimoja kiliandikwa na bwana aliyepoteza shamba lake kubwa siku watu walipoasi. Kilisema watu wengi ni watoto, na mtoto hapewi wembe. Kingine, cha zamani zaidi, kilisema hofu ndiyo iliyojenga mji, kwa hiyo isiachwe ikafa. Kingine kilikuwa na michoro ya vichwa vya watu vilivyopimwa kwa rula, eti nani kazaliwa kuagiza na nani kazaliwa kuagizwa. Na kimoja chembamba kilisema sheria ni mwavuli: mzuri siku ya manyunyu, dhoruba ikija hutupwa, na mwenye nguvu ndiye wa kusema kama leo ni dhoruba. Bibi Gundi alivifungua vyote mgongo, akavisafisha, na kwa kuwa alisoma polepole aliona majina yakijirudia. Huyu anamtaja yule, yule alimtaja wa nyuma yake.

"Hawa wanatajana kama ukoo mmoja kwenye msiba," alisema.

"Umeona, Mama! Ni mti mmoja. Mimi ni tawi la mwisho."

"Na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba mtoto asiyepewa wembe ni yeye?"

Bwana Koti alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa koti. Alipenda kubishana naye kwa methali, maana alisema hata wahenga walikuwa upande wake.

"Nahodha wengi, chombo huenda mrama," alianza.

"Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Na ng'ombe waliomo zizini, wameulizwa?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Hilo kweli," alisema Bibi Gundi, "lakini mguu unavunjwa na nani?"

Siku hiyo binti alikuwa amerudi kutoka kazini, anavua viatu mlangoni. Akasema, "Bwana Koti, sisi mahakamani hata mwizi wa kuku huulizwa jina lake kwanza, nikaliandika, ndipo ahukumiwe."

"Wewe karani utaifunga dunia yote kwa daftari," alimtania. Wakacheka wote watatu.

Kitabu chenyewe kilikuwa na fikra moja, iliyozungushwa kama uzi kwenye donge. Nchi ni nyumba. Nyumba ina baba mmoja. Zamani mambo yalinyooka kwa kuwa kila mtu alikijua kiti chake. Kisha wakaja watu wa kuhesabu mikono, wakamweka baba na mtoto kwenye mizani moja, na tangu hapo nyumba inavuja. Bibi Gundi alipomaliza kukishona alikiona cha huzuni zaidi kuliko cha hatari. Aliona mtu aliyeachwa na watu, anajijengea nyumba ya karatasi.

Wachapaji walichapa nakala mia mbili. Karibu zote zikabaki chini ya kitanda cha Bwana Koti. Yeye akamletea Bibi Gundi lile furushi la mwandiko wake. "Hili lako, Mama. Ulilitoa kaburini." Akalitia sandukuni pamoja na hati ya ndoa.

Miaka sita ikapita.

Kwanza walikuja vijana wawili wenye kompyuta mapajani, wasemaji wa haraka, waliodai nchi iendeshwe kama kampuni yenye mkurugenzi mmoja na asiyeridhika ahame. Walikuwa wamekipata kitabu kwenye rundo la karatasi za kufungia vitumbua, wakakisoma barabarani, wakamtafuta mwandishi kama wanaotafuta mganga. Baadaye zikaja redio. Kisha bei za vitu zikapanda, daraja likaanguka na watu, wakubwa wakasingiziana, na mtu mmoja mwenye buti akapanda jukwaani akasema, "Nchi ni nyumba." Uwanja mzima ukanyamaza. Hata Bibi Gundi, aliyekuwa anasikiliza redioni na sindano mkononi, alisimamisha kazi. Maneno yale aliyajua. Aliyakausha yeye.

Yule mtu akaitwa Baba wa Nyumba. Bwana Koti akapewa ofisi ghorofa ya nne na koti jipya. Ikatungwa Sheria ya Utulivu: mtu akitajwa na kamati ya mtaa wake kuwa mvurugaji, anachukuliwa. Hakuna shauri, hakuna hakimu, na kwa kuwa hakuna shauri, hakuna cha kuandika.

Hapo ndipo binti alipokosea, kama kosa ni jina lake. Waliochukuliwa walipitishwa ua wa mahakama kabla ya kupandishwa gari. Yeye alikaa dirishani pake, akamuuliza kila mmoja jina, akaandika. Hakimu alimwambia acha. Alijibu kwamba daftari la mahakama ni la kila anayepita ule mlango, ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza. Aliandika majina siku tisa. Siku ya kumi walimchukua yeye, na daftari lake kwapani mwa askari.

Nani alimwandika yeye? Hapakuwa na wa kuandika.

Bibi Gundi alipiga milango yote inayopigwa. Kwenye gereza la ng'ambo ya reli walimwambia rudi Jumanne. Jumanne wakamwambia Jumanne ijayo. Jirani yake, mshona nguo, alimwambia, "Dada, si unamjua yule wa koti? Nenda ukamlilie."

"Kilio hajawahi kukijali huyo," alisema Bibi Gundi. "Huyo anajali kilichoandikwa."

Akafungua sanduku. Wiki tatu alisoma furushi lile, kidole chini ya mstari, anatafuta neno moja la kumshika nalo mwandishi wake. Hakuliona. Kila ukurasa baba, baba, kiti, kiti. Mpaka akafika katikati, penye karatasi ile nyeupe, baina ya themanini na themanini na mbili. Aliipapasa kwa dole gumba. Ilikuwa nene kupita kiasi. Akaiinua dirishani ikapigwa na jua, na ndani yake, kinyumenyume, kama uso wa mtu nyuma ya pazia, akaona mistari.

Aliketi chini. Alielewa papo hapo alichokifanya miaka ile: aliigandisha uso chini. Maneno hayakwenda na maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyafungia ndani.

Akachemsha maji, akaiweka juu ya mvuke, akasubiri. Hakuna aliyejua kusubiri kama yeye. Kisu cha mfupa kikaingia pembeni, unywele kwa unywele, na kufika adhuhuri karatasi ilikuwa imeachana na mwenzake. Wino ulikuwa umepauka, lakini ulisomeka:

*Hata katika nyumba yenye baba mmoja, mtoto anayeadhibiwa huulizwa kwanza amefanya nini, tena mbele ya ndugu zake. Baba anayeadhibu bila kuuliza si baba tena, na waliomo wana haki ya kumfungia mlango.*

Bibi Gundi alilia, na kilio chake kilichanganyika na furaha, aibu ikiwemo. Kwa hiyo yote haya ni kosa langu, alifikiri. Wachapaji hawakuiona. Wenye buti hawakuisoma. Kama ningeigeuza tu, mwanangu angeulizwa. Mzigo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa mzigo wenye mpini: unaweza kuushika, ukaupeleka mahali. Akatia furushi kikapuni, akatia kopo la gundi na kisu chake, akatia na sweta la binti kwa ajili ya gereza. Mikono ya sweta aliifunga pamoja kwa uzi wa kitani, mshono mmoja na fundo la kifundi, lisije likakunjuka njiani.

Bwana Koti aliinuka kitini alipomwona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Usiniite hivyo bwana, utanizeesha." Lakini hakucheka. Ukutani nyuma yake ilining'inia picha ya Baba wa Nyumba, kubwa kuliko dirisha.

"Nimekuja na kosa langu," alisema Bibi Gundi, akaifungua ile karatasi mezani. "Hii niliigandisha uso chini. Macho yangu haya. Wapiga chapa wakaona nyeupe, wakaruka. Sasa nakuomba uwaambie wakubwa kitabu kilitoka kilema, na aliyekilemaza ni mimi. Adhabu nipeni mimi. Mwanangu aulizwe tu. Sisemi aachiwe. Aulizwe."

Bwana Koti alisoma. Alisoma mara ya pili. Kisha akaenda kufunga mlango, taratibu, mpaka kitasa kikalia.

"Mama," alisema, "mimi nahesabu karatasi zangu. Siku ileile uliponirudishia nilijua themanini na moja haipo."

"Ulijua?"

"Nilikaa niiandike upya. Maneno nilikuwa nayo kichwani yote. Nikasoma themanini ili nishike mkondo, nikaendelea na themanini na mbili. Ikaenda vizuri bila hiyo. Vizuri zaidi. Ile ilikuwa kama kokoto kwenye kiatu. Kila aliyeisoma angesimama hapo."

Bibi Gundi alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu. Njia nzima alikuwa ameubeba mzigo wake. Sasa hata huo haukuwa wake. Ule mpini ulikuwa umekatika, na hapakuwa tena na mahali pa kushika.

"Basi iandike sasa," alisema. "Kalamu ile pale."

"Sasa?" Bwana Koti aliitazama picha, akateremsha sauti. "Niliandika nyumba iwe na baba mmoja. Baba kaja. Karatasi hii inasema afungiwe mlango. Na mwandiko ni wangu, Mama. Kila mtu hapa ndani anaujua mwandiko wangu."

Mkono wake juu ya meza ulikuwa unatetemeka, na safari hii hapakuwa na kijana wa kijiweni wa kumwigiza. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba kabla ya kuingia huwa ameshatumbukiza wengine.

"Ichome basi kama unaiogopa."

"Siwezi kuchoma kitabu." Alisema kwa kiburi chake cha zamani, kiburi cha siku za ndoo. "Irudishe ulikoitoa. Igandishe hapahapa, nikiona. Furushi litakaa kwangu."

"Na mwanangu?"

"Sweta litafika. Hilo naliweza. Nitalipeleka kwa jina langu."

Kwa hiyo alifanya kazi. Bwana Koti alimsogezea chupa ya gundi ya dukani, ile nyeupe ikishika imeshika. "Tumia hii, ni imara."

"Mimi nimezoea yangu," alisema Bibi Gundi, akafungua kopo. Gundi ya unga hukubali maji. Mtu yeyote mwenye mvuke na subira angeweza kuja kuifungua tena, miaka hamsini, miaka mia. Hakumwambia. Wala hakuamini kwamba mtu huyo yupo. Alipaka nyembamba, akailaza uso chini, akaipigapiga kwa kiganja mpaka mapovu ya hewa yakatoka yote, akaminya kingo kwa mfupa. Kazi ilikuwa safi. Alijichukia kwa usafi wake, lakini mkono hakuufundisha namna nyingine.

Bwana Koti alilifungia furushi kwenye kabati la chuma, akatia ufunguo mfukoni mwa koti, akalipokea na lile sweta.

"Ahsante, Mama," alisema, kwa mazoea.

Jumanne ya tatu baada ya hapo, mlinzi wa gerezani alimwita dirishani kabla ya zamu yake kufika. Akamsukumia sweta kwa chini ya nondo.

"Chukua mzigo wako."

"Hakulitaka?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi? Kahamishwa?"

Mlinzi alifungua daftari, akateremsha kidole kwenye majina, si haraka, bila ubaya wowote. "Jina hilo halimo, mama."

"Lilikuwemo?"

"Daftari hili jipya. Yale ya zamani hayapo."

"Sasa sweta mmelitoa wapi?"

"Limekuja na gari. Mwingine!"

Alisogea pembeni, penye ukuta, ambapo wanawake wengine walikuwa wamekaa juu ya vifurushi vyao. Akalikunjua sweta magotini. Mikono ilikuwa imefungwa pamoja bado. Fundo lake lilikuwa palepale, uzi haujakatwa.

Mwezi huohuo lori lilisimama mbele ya kibanda, likashusha marundo ya karatasi zilizochapwa. Kitabu cha Bwana Koti kinaingia shuleni. Mafundi wote wa mji wamegawiwa, kila mmoja rundo lake, na asiyeshona ananyang'anywa kadi ya kazi. Bibi Gundi alitaka kuwaambia warudishe. Lakini pale gerezani utaratibu ulikuwa umebadilika: asiye na kadi ya kazi haruhusiwi kupanga foleni.

Akashona. Alishona asubuhi na alasiri, na kigoda cha Bwana Koti kilikuwa palepale, anawekea uzi. Katika kitabu kilichochapwa mahali pale pako ukurasa wa hamsini na mbili, katikati, aya moja inapoishia na nyingine kuanza. Huoni kitu. Mistari imepangana sawasawa, inatiririka, kama alivyosema mwenyewe. Ni dole gumba la Bibi Gundi tu lililokuwa linasimama hapo, kila nakala, kidogo, kisha linaendelea.

Mshona nguo alichungulia siku moja. "Dada, hivyo ndivyo vile vitakavyosomwa na wajukuu zetu?"

"Ndivyo."

"Na wewe unashona."

"Nashona."

Jirani alimwachia chungwa mezani, akaondoka.

Jumanne Bibi Gundi alifunika sufuria, akafunga kibanda saa moja asubuhi, akatia kadi kifuani. Sweta alilibeba mkononi vilevile lilivyorudi. Foleni ilikuwa imeshafika relini.